Yai Lililokubali Jina

Alama ya penseli ilikuwa chini.

Aoko alipiga magoti mbele ya friji mbovu aliyoigeuza kiatamio, akatazama tena. Yai la nyoka si yai la kuku. Kuku huyageuza mayai yake mchana kutwa na vifaranga hawapati neno, lakini yai la chatu ukilipindua, kilichomo ndani huzama katika majimaji yake mwenyewe, kikafa. Ndiyo maana mfugaji wa nyoka huchora alama juu ya kila yai mara linapotagwa, na alama hiyo hutazama juu mpaka siku ya kuanguliwa. Aoko alikuwa amechora vijisalaba. Mayai yaliyoshikamana katikati ya maranda, misalaba yao ilitazama balbu kwa adabu. Moja tu, lililolala kando peke yake, lilikuwa limelalia msalaba wake.

"Nani amegeuza yai yangu?" aliuliza.

"Uliza huyo nyoka yako," mamake akajibu kutoka jikoni. "Mimi nimeokoka. Siwezi gusa hiyo vitu."

Aoko alilimulika yai kwa tochi, kama wafanyavyo wafugaji wakitaka kujua kama ndani mna uhai. Alitarajia giza. Aliona mishipa myekundu imetandaa vizuri, na katikati yake kivuli kidogo kinachopigapiga. Halafu kivuli kikageuka, kikaitazama tochi.

Alilirudisha msalaba juu. Asubuhi iliyofuata msalaba ulikuwa chini tena, na yai limenona.

"Okay," Aoko alisema, kwa kuwa alikuwa mtu wa sayansi. "Wewe ni exception."

Sayansi ndiyo ilikuwa imemfikisha hapo. Serikali ilimsomesha zoology mpaka digrii, ikampa joho, ikampiga picha, kisha ikakumbuka kwamba haina kazi ya kumpa. Kazi zilikuwepo lakini zilikuwa na wenyewe, watoto wa mjomba wa fulani ambao hawangeweza kutofautisha mjusi na mamba hata wangeumwa na wote wawili. Basi Aoko akarudi Kisumu, Manyatta, kwenye nyumba ya mabati ya mamake, akaanza kuzalisha nyoka wa nyumba, wale wadogo wa kahawia wasio na sumu, katika masanduku ya vioo. Dalali mmoja wa Nairobi aliwanunua kwa ajili ya watu wa Ulaya wanaofuga nyoka kama sisi tunavyofuga paka. Mtaa mzima ulicheka.

"Digrii yote hiyo, mwisho ni thuol?" Apiyo, jirani aliyekaanga samaki kando ya barabara, alimwambia siku moja. Thuol ni nyoka kwa Kijaluo, na Apiyo alilitamka kama anatema mfupa.

"Thuol haikuniuliza kama nina godfather," Aoko akamjibu. "Interview ilikuwa fair."

Chatu jike alimtoa Muhoroni, katika shamba la miwa lililochomwa moto tayari kwa kukatwa. Wakata miwa walikuwa wamemzingira na mapanga huku moshi ukifuka, naye Aoko akaingia katikati yao na gunia, akitukana kwa lugha tatu. Nyumbani chatu alitaga, akajizungusha juu ya mayai yake, akaanza kutetemeka. Chatu mama huatamia hivyo: hali chakula, hatoki, hutetemesha misuli tu mpaka mayai yapate joto. Lakini yai moja alilisukuma nje kwa pua. Aoko akalirudisha. Chatu akalisukuma tena, mbali zaidi, akageuza kichwa upande wa pili.

Mtu mwingine angelitupa. Ila Aoko, kwa Kijaluo, ni jina la msichana aliyezaliwa nje, na yeye alizaliwa kando ya barabara, hospitali ikionekana kwa mbali. Hakupenda kuona kitu kinatupwa nje. Alipoyahamishia mayai kwenye friji yenye balbu ili chatu apate kula, alilichukua na lile.

Lilinuka moshi wa miwa. Hilo nalo alilitafutia sababu.

*

Kilio kilianza saa nane mchana, jua likiwa limekaa juu ya mabati na mtaa mzima umenyamaza kwa joto. Aoko alikuwa ameenda soko la Kibuye kununua panya wa kumlisha chatu. Mamake alikuwa mlangoni anachambua omena, dagaa wa ziwani, na Apiyo alikuwa amekuja kuazima sufuria.

Mama huyu mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Walter, mama wa kifungua mimba wake, kijana aliyetoka na wavuvi pale Luanda Kotieno mwaka juzi. Mashua ilipatikana imepinduka. Wenzake walipatikana. Walter hakupatikana. Watu wa ziwa wana desturi yao kwa aliyepotea majini: huzika tunda la yago, refu na zito kama kiwiliwili, mahali pa mwili, wakalia na kumaliza. Yago lilishaletwa mara mbili, na mara mbili Mama Walter alilirusha nje ya ua. "Mwanangu si tunda," alisema. Basi Walter alikaa hivyohivyo, hayuko na hajazikwa.

"Mama Walter," Apiyo akasema, "hiyo ni mtoto inalia?"

Ilikuwa sauti ya mtoto mchanga kabisa, mwenye siku chache, kilio kile kinachomfanya mwanamke yeyote ainuke kabla hajafikiri. Kilitoka chumba cha nyuma.

"Yaye! Aoko amezaa na kuficha!" Apiyo akanong'ona, macho yakimng'aa kwa furaha ya umbea. "Ndiyo maana hataki watu waingie!"

Waliingia. Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na nyoka kwenye vioo, wote wamejibana kona moja, mbali na friji. Na kilio kiliendelea, kikipanda, kikikatikakatika kama mtoto anayekosa pumzi. Hapo ndipo wanawake wale wawili walipofanya jambo ambalo mama zao walifanya, na bibi zao. Mtoto mchanga wa Kijaluo akilia bila kunyamaza, huwa anatafuta jina. Kuna aliyekufa anayetaka kurudi ndani yake, nawe huita majina ya marehemu, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze. Anaponyamaza, ndilo jina lake. Hawakuulizana. Mikono ilikuwa kifuani, midomo ikaanza yenyewe.

"Wewe ni Oduor?" Apiyo akaita jina la babake. Kilio kikazidi.

"Wewe ni Dorca? Nyanya, ni wewe?" Apiyo akaendelea. Kilio kikazidi.

Mama Walter alikuwa amefumba macho. Hakuwa amewahi kulitamka jina la mwanawe miongoni mwa majina ya waliokufa. Alilitoa kwa pumzi tu.

"Walter?"

Kikanyamaza.

Kwenye kimya kile walisikia kitu kinabingirika polepole ndani ya friji, mara moja, na harufu ya moshi wa miwa ikaondoka. Chumba kikajaa harufu ya maji ya ziwa.

*

Kuanzia siku hiyo Aoko hakuwa na mama, alikuwa na chatu wawili.

Mamake alilitoa yai kwenye friji, akaliweka kwenye beseni lenye leso, akatandika mkeka chumba cha nyuma na kulizunguka kwa mwili wake, magoti yamekunjwa hadi kidevuni. Katika joto la Kisumu, joto la kuivisha embe, alitetemeka. Hakula ugali, hakunywa uji. Ukimgusa alikuwa moto kama sufuria.

"Mama, hiyo ni yai ya nyoka," Aoko alimwambia. "Mimi ndiye nilisoma hii kitu. Please."

"Ling'," mamake akajibu. Nyamaza. "Utamwamsha."

Kikundi cha maombi cha Apiyo kilikuja na ngoma. Waliomba kwa nguvu mpaka mabati yakatetemeka, na mwisho wa sala, kabla wao hawajafungua midomo, sauti nyembamba kutoka kwenye beseni ikasema, "Amina." Waliondoka bila ngoma zao.

Hapo Aoko akachukua kisu cha samaki. Hakuwa na muda wa kujadiliana na yai. Alingoja mamake asinzie, akakandamiza ncha kwenye ganda, na ganda lilipoanza kuachana mamake akapiga ukelele usingizini na kujishika tumbo. Aoko akamfunua nguo. Chini ya kitovu palikuwa na mchomo mdogo, mpya, ulio saizi ya ncha ya kisu, unaotoa damu.

Kilichomtisha zaidi hakikuwa damu. Mamake alifumbua macho, na macho yale yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa kibuluu, kama ya nyoka anayekaribia kujivua ngozi. Na Aoko, aliyekuwa ameona macho ya namna hiyo mara nyingi na kuyafurahia kwa sababu yalimaanisha nyoka wake anakua, alitazama shingo ya mamake, pale chini ya sikio, akaona ngozi imeanza kuinuka, kavu, nyembamba, ikiachana na nyama kama karatasi, na chini yake hapakuwa na ngozi ya mama yeyote anayemjua.

"Mama Walter," likasema lile yai kwa upole, kwa sauti ya kijana wa kiume sasa. "Nasikia baridi."

Mamake akajikaza kulizunguka.

*

Maalim Muhidin wa Kaloleni aliuza vipuri vya baiskeli, na watu walimwendea na mambo mengine pia. Babu yake alikuja na reli kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimevaa kanzu. Alikuja mchana, akavua viatu, akaketi mbali na beseni, akasoma. Alisoma mpaka jasho likamlowesha kofia. Yai lilitulia kabisa, kama mtu anayesikiliza redio.

Maalim akafunga msahafu.

"Nani aliyempa jina?"

Apiyo alitazama sakafu. "Ni sisi, Mzee. Mtoto akilia tunaita. Tungefanya nini?"

"Mngetazama kwanza ni nani anayelia." Hakusema kwa ukali. Akamgeukia Aoko. "Binti yangu, jini akivamia nyumba, namsomea na anatoka kwa kishindo. Huyu hakuvamia. Alibisha hodi, wenye nyumba wakamkaribisha, wakampa na jina la mtoto wao. Na mtoto mwenyewe hajazikwa, sivyo? Jina liko wazi tu, halina mtu ndani. Nikimtoa leo, kesho amesharudi humohumo."

"So tunakaa tu tukiangalia mama anageuka?"

"Sikusema hivyo."

"Ma-office zote Kisumu zimeniambia niende nirudi kesho," Aoko alisema, sauti ikimpanda. "Sasa hata jini? Hata jini ana mtu wake ndani, mimi sina? Hapana, Mzee. With due respect, hapana." Akaligeukia yai. "Na hiyo jina ikipata kaburi?"

Maalim alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Ataingia nalo kaburini," alisema. "Lakini mimi na wewe hatuwezi kumtia. Anayelishikilia jina ni mama. Mkilifukia yai naye bado anamshikilia, mtakuwa mmewafukia wote wawili."

*

Nyumbani kwao kwa asili kulikuwa Awasi, kando ya barabara ya Kericho, mahali alipozikwa babake Aoko. Uncle Opiyo, ndugu ya baba, alikuja kuwachukua na pick-up yake. Walimbeba mama na mkeka wake, na beseni lake kifuani, kwa kuwa mikono haikubanduka. Hakuwa mzito. Apiyo alimfuata na samaki wa kukaanga kwenye gazeti, akisema mtu akipona hupona na njaa.

Opiyo alishachimba kaburi, dogo, upande wa kushoto wa lango, wanakozikwa wana wa kiume wasiooa. Viti vilipangwa. Aoko alitaka kila kitu: wimbo, wasifu wa marehemu, wazee, hata yule shangazi anayezimia kwenye kila msiba.

"Nimesema nitachimba na nimechimba," Opiyo alimnong'oneza, jasho likimtiririka. "Lakini tangu lini watu wakazika yai?"

"Tangu yai ijiite Walter. Anataka jina, Uncle? Jina si shati, huchagui mikono ukaacha kola. Hiyo jina iko na malaria ya utotoni, iko na kufukuzwa shule, iko na kuzama. Wacha achukue yote."

Saa nane mchana, katika jua kali, mbele ya watu, Aoko alisimama akausoma wasifu wa kakake kutoka kichwani. Alisema mwaka aliozaliwa. Alisema alivyovunja jino akipanda mti wa jirani. Alisema mashua ilipinduka, na kwamba Walter, mwana wa nyumba hii, alikufa. Neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa ndani ya ua ule. Kwenye beseni, yai likaanza kubingirika.

Walishusha beseni kaburini na mama akapiga magoti ukingoni pamoja nalo, mikono imenyooka, haijaachia. Opiyo akamwaga koleo la kwanza.

Mama akakohoa udongo.

Koleo la pili likaanguka, na kilio kikatoka chini, kilio kile cha mtoto mchanga kilichomwinua Apiyo siku ile, ila sasa kilitoka kila mahali, kwenye udongo na kwenye miguu ya viti na kwenye vifua vya wanawake wenyewe, kikiomba kuitwa, kikiomba kwa nguvu hata wanawake waliokuwa hawajasimuliwa lolote wakahisi majina ya marehemu wao yanawapanda kooni, wakajiziba midomo kwa leso na kwa viganja, Apiyo akiuma kifundo cha mkono wake mpaka damu, huku mama ukingoni akibadilika rangi, pumzi haziingii, ngozi ya shingo ikichanika taratibu kufuata mfupa, na ile sauti ya kijana ikapanda juu ya kilio, tamu, yenye machozi, ikisema: "Mama Walter, usiniache. Mama Walter, nasikia baridi. Mama Walter!"

Aoko akacheka.

Alicheka kwa sauti, ukingoni mwa kaburi, cheko baya la mtu aliyekataliwa mara nyingi akazoea. Watu wote wakamtazama.

"Mama Walter?" alisema. "We bwana, unamwita mama yako Mama Walter? Mtoto gani huita mamake hivyo? Hiyo ni jina ya majirani! Hiyo umesikia kwa ukuta, Apiyo akikuja kuazima sufuria!" Akapiga magoti kando ya mamake, akamshika uso. "Mama, niangalie. Walter alikuwa akikuita nani?"

Macho ya kibuluu yalimtafuta. Midomo ilisogea bila sauti.

"Sema, mama. Asubuhi akitaka chai. Alikuwa anakuita nani?"

"Nyar…" Udongo ukamtoka mdomoni. "Nyar Seme."

Binti wa Seme. Alimwita kwa kijiji alikozaliwa, kama mume anavyomtania mkewe, kama mzee anavyomwita mke wa mwanawe. Walter alimwita hivyo tangu alipojifunza kuongea, na wageni wote walicheka. Tangu ziwa limchukue hakuna mtu aliyemwita hivyo tena.

Chini, sauti ilisita. Kisha ikajaribu, haraka, kama mwanafunzi anayeiba jibu kwa jirani: "Nyar Seme! Nyar Seme, nasikia baridi!"

"Umechelewa," mama alisema.

Mikono ikaachia beseni. Alichota udongo kwa viganja viwili, akautazama, na machozi ya miaka miwili yakamtoka yakiosha ule ukungu machoni.

"Walter wangu alikufa," alisema. "Alikufa majini na sikumwona. Lala, Walter." Akautupa. Kisha akainama juu ya shimo, na sauti yake ikawa nyingine kabisa, ile ya kufukuza mbwa jikoni. "Na wewe uliyejificha kwa jina lake, lala naye."

Opiyo na wanaume wote wakafukia, kwa makoleo, kwa majembe, kwa miguu. Kilio kilikwenda chini, na chini, na chini. Hakuna aliyeita. Kilipokwisha, shangazi yule wa kuzimia akazimia, na watu wakashukuru kupata kitu cha kawaida cha kufanya.

Apiyo alifungua gazeti lake la samaki. "Mama Walter, kula kidogo, tafadhali."

"Mama Walter amemaliza kazi yake." Alimpokea samaki, akamvunja kichwa. "Mimi ni Mama Aoko. Hii mmetia chumvi kweli?"

*

Mayai mengine yalianguliwa salama, misalaba yao ikitazama juu mpaka mwisho. Aoko hakuacha nyoka. Mtaa haukuacha kusema. Lakini Manyatta, kwenye ua wao, mtoto akilia siku hizi wanawake humwendea kwanza, wakamfunua uso, wakamtazama vizuri, ndipo wakaanza kuita.

Mwezi wa tatu baada ya maziko Uncle Opiyo akatuma ujumbe. Mchana, jua likiwa kali, kuna kitu kinalia upande wa kushoto wa lango. Wanawake wenye watoto wachanga wanapitia nyuma. Na msalaba wa mbao waliousimika kaburini, kila wanapousimamisha, asubuhi wanaukuta kichwa chini.

Aoko alienda Awasi peke yake. Aliukuta msalaba jinsi alivyoambiwa, kichwa kimezama udongoni, mguu umeelekea mbinguni. Aliung'oa, akaupangusa, akatoa penseli mfukoni na kuukoleza mstari uliofifia aliouchora upande wake wa juu, kama alama ya yai, kisha akausimika wima. Akaazima kigoda, akakiweka kwenye jua, akaketi.

Saa nane kilio kikaanza chini ya miguu yake, chembamba, kikitafuta.

"Lia tu, bwana," Aoko alisema, akinyoosha miguu. "Geuka mpaka uchoke. Mimi sina kazi. Niko na siku nzima."